Zamu ya Mwalimu Revelian

Kwa miaka yote ya ndoa yao Apolonia alikuwa akimmalizia mumewe sentensi, na hakuna aliyeona ubaya. Mwalimu Revelian alikuwa mzito wa kusema tangu ujanani. Alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari huko Kinondoni, na wanafunzi wake walizoea kwamba akianza kueleza mvua za masika, itabidi wasubiri kidogo ndipo zinyeshe. Nyumbani hakukuwa na wa kusubiri. Apolonia ni fundi cherehani. Kibanda chake kipo mbele ya nyumba yao, Kimara Temboni, pale barabara ya vumbi inapokata kona kushuka bondeni, na wateja wanamjua: hujamaliza kueleza unataka mkono wa namna gani, mkasi umeshaingia kwenye kitambaa. Mara nyingi anapatia. Akikosea anacheka, anatafuta namna ya kuficha kosa kwa rinda, na mteja anarudi tena mwezi unaofuata.

"Mama Jovina, leo nilikuwa nafikiri kwamba labda..." Mwalimu angeanza, akitua kikombe mezani.

"Tubadilishe bati la jikoni. Nishamwita fundi, anakuja Alhamisi."

Mwalimu angetabasamu na kunyanyua tena kikombe chake. Hivyo ndivyo walivyoishi, na walipendana kweli.

Basi Februari, siku chache baada ya Jumatano ya Majivu, Mwalimu akaanguka kwenye chumba cha walimu. Madaktari walisema ni kiharusi. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia unaburuzika, na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "Jumatatu".

Hakuna aliyejua kwa nini libaki hilo. Ukimuuliza kama ana kiu, Jumatatu. Ukimfunika shuka, Jumatatu, kwa sauti ya kushukuru. Mguu ukimuuma, Jumatatu, kwa sauti iliyomfanya Apolonia atoke wodini akasimame kwenye korido ameshika ukuta. Macho yalikuwa yaleyale ya mtu anayejua anachotaka kusema. Mdomo ndio uliomsaliti, na kila lilipotoka lile neno alionekana kulisikia mwenyewe na kulionea aibu.

Aliporudishwa nyumbani, Jumuiya ya Mtakatifu Monika ikahamia kwao. Hiyo ndiyo jumuiya yao ndogo ya Kikristo, familia kadhaa za Wakatoliki wa mtaa ule wanaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Walileta uji, walifua mashuka, walikaa na mgonjwa Apolonia alipotaka kulala. Ni watu wema, na hilo lazima lisemwe kwanza. Lakini na la pili lisemwe. Katika jumuiya sala huzunguka: mmoja akimaliza, anapokea aliye pembeni yake, mpaka duara lijifunge. Jumamosi ile ya kwanza zamu ilizunguka ikafika kwa Gladness, mwenyekiti, aliyekuwa ameketi kabla ya Mwalimu. Kisha ikaruka. Iliruka kama mtu anavyoruka dimbwi, ikatua kwa Apolonia, na Apolonia akaipokea bila kugeuka. Halafu wote kwa pamoja wakamwombea "mtumishi wako Revelian", naye Revelian amekaa katikati yao, macho wazi, anasikia kila kitu.

Tabia hii si ya watu wa Temboni peke yao. Ni yetu sote, na ni dhuluma hata tukiifanya kwa upole. Mtu akipoteza maneno tunamhesabu amepoteza na akili. Tunaanza kuzungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Tunamuuliza mkewe, "Anakula?" wakati mwenyewe ameshika kijiko.

Projestus, mdogo wake Mwalimu, hakuwa mtu wa kukaa na huzuni bila kuifanyia kazi. Anauza vipuri vya pikipiki huko Tandika, Temeke, na kwake kila kilichoharibika kina kifaa chake dukani.

"Shemeji," akamwambia Apolonia, "neno moja, na kila mara hilohilo? Kuna kitu kinakuja Jumatatu. Mimi naona ni ufunuo."

Akamchukua kaka yake kwa gari, Jumatatu, mpaka kwa mtu mmoja anayejiita nabii, ambaye huhubiri chini ya turubai akiwa na suti nyeupe. Nabii akamshika Mwalimu kichwa kwa mikono miwili, akamwamuru ulimi ufunguke. Mwalimu akamtazama, kisha akasema, "Jumatatu." Watu wakapiga vigelegele. Nabii akatangaza kwamba mgonjwa ameitaja siku yake kwa kinywa chake, kwa hiyo arudi kila Jumatatu, na asije mikono mitupu. Watu wa aina hiyo wamejaa mjini, na wanajua kabisa mlango gani una msiba.

Jumatatu iliyofuata Projestus alipokuja, Mwalimu alishika mlango wa gari kwa mkono wake mzima na hakuuachia.

"Shemeji, rudi tu na gari lako," Apolonia akasema. "Mwenyewe amekataa."

"Amekataa? Kwani amesemaje?"

"Amesema Jumatatu."

Walitazamana, wakacheka wote wawili bila kutaka, na hata Mwalimu mabega yakamtikisika. Lakini gari lilirudi Tandika tupu.

Majirani walimsifu Apolonia kwa uvumilivu. Alimwogesha mumewe, alimlisha, alimsimamisha ukutani kufanya mazoezi ya mguu, na wala hakulalamika kwa mtu. Yeye mwenyewe alijijua. Alikuwa anamuuguza kwa kasi ileile aliyokatia vitambaa. Mwalimu akifungua mdomo tu, anamrushia: maji, choo, redio, mto, dirisha, joto? Kabla hajachagua, ameletewa vitatu kati ya hivyo, na alichokitaka hakimo. Ndipo alipokuwa akifumba macho. Kila alfajiri Apolonia aliomba subira, na kabla hajafika kwenye Amina alikuwa ameshachungulia kama imefika.

Mwezi wa tano ni mwezi wa Bikira Maria. Sanamu ya Mama Maria hubebwa kutoka nyumba hadi nyumba, inashinda pale, na jioni jumuiya nzima inakuja kusali. Siku ilipokuwa kwao, mchana, umeme ukakatika. Apolonia akaacha cherehani, akaingia sebuleni na sketi za shule za kupinda kwa mkono, akaketi karibu na Mwalimu na kuanza rozari peke yake huku sindano ikienda. Rozari ina pande mbili. Anayeongoza husema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, wengine hujibu nusu ya pili. Ukiwa mwenyewe unazisema zote, na Apolonia alizisema mfululizo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Katikati ya fungu la pili sindano ikavunjika. Alikuwa ametamka "Salamu Maria, umejaa neema". Akanyamaza, akainama kutafuta ncha ya sindano sakafuni isije ikamchoma mtu.

"Bwana," ikasema sauti juu yake. "Yu. Nawe."

Apolonia alibaki ameinama.

Maneno yakaendelea kuja, moja moja, kila moja kama ndoo iliyopandishwa kutoka bondeni, mpaka mwisho wa ile nusu ya kwanza, "amebarikiwa". Alipoinua uso, Mwalimu alikuwa anamtazama. Ilipita muda ndipo akaelewa kwamba mumewe anamsubiri ajibu upande wake.

Hakujibu. Alitoka mbio mpaka kwa Gladness akiwa na sketi ya mtu begani.

Jioni sebule ilijaa mpaka barazani. Habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima. "Mwalimu ongoza, Mwalimu ongoza," wakamwambia, wengine wanalia tayari. Mwalimu akaishika rozari kwa mkono wa kushoto na kuanza. Alipofika neno la tatu akakwama, midomo inatafuta. Apolonia akamsaidia. Gladness akasaidia, na nyuma yake watu wote, kwa upendo mtupu, sebule nzima ikaibeba ile nusu ya kwanza mpaka mwisho na ya pili juu yake, kwa sauti kubwa yenye machozi ya furaha. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu alikuwa bado ndani ya neno la tatu. Mwalimu akafumba macho. Rozari ile waliisali wao mpaka ikaisha.

Hospitalini kulikuwa na dada mmoja aitwaye Hope, kijana tu, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kusema upya. Apolonia akamsimulia yote, kwa kasi yake, na Hope akamsikiliza mpaka akaishiwa.

"Sala na nyimbo za utotoni zinakaa mahali pake kichwani, mama. Mara nyingi haziguswi. Huo ndio mlango mliobaki nao, mpitie hapohapo. Ila usimmalizie."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu neno. Ukimmalizia unamfungia."

"Nitakufa mie," Apolonia akasema.

"Hutakufa, mama. Utaumwa tu."

Na akaumwa kweli. Kila siku, wateja wa asubuhi wakishapungua, aliingia ndani, wakasali rozari ya watu wawili. Mwalimu upande wake, yeye upande wake, na sharti lilikuwa kwamba asifungue kinywa mpaka asikie "amebarikiwa". Rozari aliyokuwa akiimaliza chai ikiwa bado ya moto sasa ilikula asubuhi nzima. Maharage yaliungua. Wateja walipiga hodi wakaondoka. Apolonia alijifunza kubana uzi kati ya meno, ili ulimi ukitaka kuchomoka ukute mlango umefungwa. Alikuwa anajua kila neno linalokuja, na kulijua ndiko kulikokuwa mateso yenyewe. Mtu anayesubiri asichokijua anaweza kujisahau. Yeye alikuwa amekaa mbele ya mlango anaouona uko wazi, na haruhusiwi kuingia.

Siku moja uzalendo ukamshinda. Mwalimu alikwama kwenye "kuliko", akarudi nyuma, akakwama tena, akarudi.

"Wanawake wote, Baba Jovina! Kuliko wanawake wote. Umelisema tangu unabebwa mgongoni."

Mwalimu akaiweka rozari mezani, taratibu, msalaba ukiwa juu. Hakuigusa tena siku hiyo wala iliyofuata.

Apolonia alikwenda kukaa kibandani, akatazama cherehani bila kuikanyaga. Hasira zilikuwa kwa Mungu kuliko kwa mumewe. Alikuwa ameomba subira, na alicholetewa ni mtu wa kumkatisha tamaa saa baada ya saa. Akaanza kumwambia Mungu hivyo, bila maneno ya kanisani. Alisema kwamba amechoka, kwamba anamkosa mumewe ingawa wanalala kitanda kimoja, kwamba anaogopa kuzeeka na mtu wa kukisia. Akasema na mengine ambayo hakuwahi kumwambia padre. Alisema ovyo, akarudia, akapotea katikati, akaanza upya. Na alipomaliza aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ya kusali: hakukatizwa. Tangu utoto alikuwa amemletea Mungu sala za haraka, nyingine za kukariri, nyingine za uongo, na hakuna hata mara moja Mungu alipomwambia najua unachotaka kusema. Wala hakuna anayejua zaidi yake.

Hakuona nuru, hakusikia sauti. Aliinuka tu akaenda kupika. Lakini aliporudi kwenye rozari, baada ya Mwalimu kukubali kuishika tena, uzi hakuuhitaji sana. Katika vile vimya virefu alianza kuyasikia maneno yenyewe. Umejaa. Neema. Alikuwa ameyapita maisha yake yote kama mtu anayepita mtaani kwake usiku bila taa.

Na Mwalimu naye akaanza kuongeza. "Maji" lilirudi mwanzoni mwa Juni. Kisha "hapana", ambalo alilitumia sana.

Wakati huohuo ukaja mtihani wenyewe. Jovina, binti yao wa pekee, alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Gibson, mtu wa Tukuyu, mkoani Mbeya, anayefanya kazi hoteli moja ya Kunduchi. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilipangwa Agosti. Sasa katika ukoo wa Mwalimu, waliotoka Kagera na mila zao mkononi, binti hatoki kwao mpaka baba amuage kwa kinywa chake mbele ya wakwe. Binti anapiga magoti, baba anamwambia: nenda kwa amani, na hapa ni kwako. Ni maneno machache, lakini asiposema baba, wazee wanahesabu kwamba binti ametoroshwa. Mwingine husimama badala yake pale tu baba anapokuwa kaburini.

Kamati ya sherehe ilikaa sebuleni kwao. Wakapanga ukumbi, wakapanga vyakula, wakafika kwenye kuagana.

"Hapo nitasimama mimi," Projestus akasema. "Wazee nishaongea nao, wameelewa hali."

"Sawa, shemeji," Apolonia akajibu, macho kwenye vipimo vya sare za kamati.

Wakaendelea na mambo ya keki. Mwalimu, aliyekuwa kwenye kiti chake dirishani, akainuka kwa fimbo. Aliburuza mguu mpaka chumbani, na mlango ukafungwa.

Watu walipoondoka Jovina alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, ulimuuliza Baba?"

"Nimuulize nini, na atajibu nini?"

"Sijui. Ndiyo maana watu huuliza."

Apolonia alimkaripia kwa kukosa adabu, na karipio lenyewe likamkaa kooni wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa karibu na sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, na Gladness akasoma habari ya Zakaria, yule kuhani aliyekuwa bubu mpaka mtoto wake alipopewa jina. Apolonia ameisikia habari hiyo kila mwaka. Siku zote alikuwa anasubiri pale ulimi unapofunguka, maana hapo ndipo penye muujiza. Safari hii akabaki nyuma kidogo, mahali ambapo ndugu na majirani wanabishana juu ya jina la mtoto. Wanabishana, halafu wanafanya nini? Wanamgeukia bubu. Wanamuuliza kwa ishara, wewe baba unataka aitweje. Wale watu wa milima ya Uyahudi, ambao hawakuwa na hospitali wala dada Hope, walijua kwamba baba anaulizwa hata kama hana sauti. Na muujiza ulikuja baada ya swali.

Zamu ya sala ilipozunguka ikamfikia Gladness, kisha ikataka kuruka kama kawaida yake, Apolonia hakuipokea. Alikaa kimya, ameinamisha kichwa. Wengine wakadhani amesinzia. Kimya kikawa kirefu, mtu akakohoa, na ndipo Mwalimu akasema, "Baba. Asante." Likawa ndilo ombi lake, na zamu ikaendelea.

Nyumbani Apolonia alivuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe.

"Baba Jovina. Siku ya mtoto, unataka kusema mwenyewe, au asimame Projestus?"

Akanyamaza. Mwalimu akafungua mdomo. Nje bodaboda ilipita, ikapita nyingine. Mteja akapiga hodi, akaita fundi, fundi, akaondoka zake.

"Jumatatu," Mwalimu akasema, na uso wake ukakunjamana kwa hasira. Akapiga goti lake kwa ngumi.

Apolonia hakucheka, hakusema nimeelewa. Alikaa.

"Mimi," Mwalimu akasema.

Vita vikawa na Projestus. Alikuja mbio kutoka Tandika akiwa bado na mikono yenye grisi.

"Shemeji, utamdhalilisha kaka mbele ya wakwe. Akikwama je? Wale watu wa Mbeya watarudi kwao na hadithi."

"Warudi nayo."

"Mie namtetea kaka yangu."

"Najua. Lakini yuko hai, Projestus. Nenda kamwambie yeye kwamba utasimama badala yake. Yuko pale."

Projestus alimtazama kaka yake dirishani, akatazama viatu vyake. Hakuenda.

Walifanya mazoezi Julai nzima, maneno yale yakifuatisha mwendo wa rozari kama Hope alivyoshauri. Siku nyingine yalitoka yote. Siku nyingine hayakutoka hata moja.

Agosti ukumbi ulijaa. Saa ya kuagana ilipofika, Jovina akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, gauni limetandazwa na mama yake aliyelishona, na MC, kijana aitwaye Talha mwenye miwani ya bei na maneno mengi, akamsogezea Mwalimu kipaza sauti.

"Jo," Mwalimu akasema. Likaishia hapo.

Watu wakasubiri. Kisha wakaanza kutazamana. Kwenye meza ya nyuma mtu akacheka chini chini. Talha, aliyezoea kwamba kimya ni kifo cha shughuli, akarukia: "Baba ana hisia jamani, makofi kwa baba mzazi!" Makofi yakapigwa, muziki ukapanda. Projestus akainuka nusu, anafunga kifungo cha koti.

Apolonia alivuka ukumbi akiwa na kilemba chake kikubwa mpaka kwa MC.

"Zima muziki, mwanangu."

"Mama, tuko nje ya ratiba. Msosi unapoa."

"Upoe."

Akarudi akaketi. Muziki ukazimwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi ya kile cha kwanza, maana sasa kila mtu alijua kwamba kimewekwa kwa makusudi. Kwa upande wa wakwe akanyanyuka Bupe, shangazi yake Gibson, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mwacheni baba mkwe," akasema. "Sie tumekuja na basi toka Tukuyu. Kukaa tunajua." Akaketi.

"Jovina," Mwalimu akasema.

Machozi yalimtoka binti lakini hakuinua kichwa.

"Nenda."

Lililofuata lilikuwa "kwa amani". Apolonia alilijua, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, lina joto. Aliona mumewe analitafuta, anashika lingine, analitupa. Huko nyuma jumuiya nzima ya Mtakatifu Monika, walewale waliomfunika kwa sauti zao mwezi wa tano, ilikuwa imekaa imara, na Gladness amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Apolonia hakuomba litoke upesi. Hakuomba chochote. Alikuwa pale tu pamoja naye, ndani ya kile kimya, na kwa mara ya kwanza hakuwa akisubiri kiishe.

"Na," Mwalimu akasema. "Na sisi."

Ukumbi haukujua ufanye nini. Nenda na sisi. Si maneno ya ukoo yale. Talha akamwinamia Apolonia, akauliza kwa kunong'ona kama mzee alikuwa na maana ya kwa amani, atangaze hivyo.

"Tangaza alichosema," Apolonia akajibu.

"Tumepokea," Bupe akasema kabla hajatangaza mtu. "Na nyie wote tunawabeba, ila basi ni moja, mtabanana." Ukumbi ukaangua kicheko, vigelegele vikafuata, na Mwalimu mwenyewe akacheka, upande mmoja wa uso wake ukitangulia mwingine. Jovina alijaribu kusimama akashindwa, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kupiga magoti muda ule wote. Ikabidi baba yake ampe fimbo.

Pilau lilikuwa baridi, kama Talha alivyoahidi. Watu wakapanga mstari wakalila hivyohivyo. Projestus alichukua sahani mbili, moja yake na moja ya kaka yake, akapakua pilau kwenye zote, akafika kwenye mabakuli ya kitoweo. Alinyoosha mkono kwenye kuku, akausimamisha hewani. Kisha akageuka, akamwita Mwalimu aliyeketi si mbali.

"Kaka, nikuwekee kuku au samaki?"

Mwalimu akafungua mdomo. Mstari ukasimama. Nyuma mtu akasema jamani songa, mwingine akauliza kuna nini huko mbele. Projestus alibaki palepale, ameshika mwiko, uso ameuelekeza kwa kaka yake.